Mistari ya Ufagio

Katika mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, siku ya akina mama wa ndagala ilianza kwa ufagio. Kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, na kabla mitumbwi haijarudi na ndagala, wale dagaa wadogo wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa lazima mtu mmoja awe ameshafika ufukoni kufagia mchanga. Si kufagia kwa kubabaisha. Aliondoa mavi ya mbuzi, majani yaliyoletwa na mto na kila takataka, kisha akapitisha ufagio wa njiti za mchikichi mara ya mwisho ili mistari yake ionekane mchangani. Akina mama walipofika na mabeseni vichwani waliangalia mistari tu. Wakiiona, walimwaga ndagala na kuwatandaza, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Kuchelewa hakukufaa. Uvira jua huwahi kuja na huwahi kuondoka, kwa sababu milima iliyo nyuma ya mji hulimeza mapema alasiri. Ndagala ambaye hakupata jua la asubuhi ananuka kabla ya kukauka. Ndiyo maana zamu ya kufagia ilizunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba iliyokosa zamu yake ilisemwa mpaka watoto waone haya kupita njiani.

Zamu ya nyumba ya Mama Agathe ilikuwa mikononi mwa binti yake, Sidonie, msichana wa miaka kumi na miwili. Sidonie hakuwa mvivu. Ugonjwa wake ulikuwa kuuliza. Aliuliza kwa nini ziwa lina mawimbi wakati hakuna upepo, kwa nini mbuzi hasongwi na miiba, na kwa nini watu wazima wakikosa jibu humtuma mtoto kuteka maji. Swali likimwingia kichwani, lilikuwa kama funza kwenye kidole cha mguu: hakutulia mpaka litoke.

Mwaka huo, 1966, makopo ya vidonge vya minyoo yalifika shuleni kwao. Waasi walioushika mji wakati wa vita walikuwa wameondoka Uvira, shule zilikuwa zimefunguliwa tena, na misaada ilikuja kutoka nchi ambazo watoto hawakuzijua hata kwa jina. Mwalimu Norbert, mwalimu wa darasa la sita, alipewa makopo hayo na mwuguzi wa zahanati. Aliwapanga wanafunzi mstari mmoja na kuhakikisha kila mmoja anameza mbele yake. Sidonie alimeza, akakunja uso, kisha akainama kusoma maandishi ya kopo. Hayakuwa Kifaransa. Neno moja lilikuwa limeandikwa kwa herufi nene kuliko mengine.

"Mwalimu, hii neno inasema nini?"

Mwalimu Norbert aligeuza kopo. "Hiyo ni Kiingereza. Expel. Inafanana na neno letu la Kifaransa, expulser. Ni kufukuza. Kama vile mwanafunzi anavyofukuzwa shuleni."

"Sasa minyoo nayo inafukuzwa shuleni?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata mwalimu alicheka, akafuta macho. "Sidonie, maswali yako yatanimaliza. Kifaransa nakijua, lakini Kiingereza napapasa tu. Nenda kwa Fundi Mrisho pale sokoni. Yeye alikaa na Waingereza kule Kigoma."

"Lakini mwalimu, mwanafunzi akifukuzwa, anafukuzwa namna gani?"

Mwalimu aliacha kucheka. "Hafukuzwi bule. Anaitwa kwanza. Anaambiwa kosa lake, anajibu, na kosa linaonekana kwa macho. Kumfukuza mtu kwa maneno ya njiani, hiyo si shule."

Masomo yalipokwisha, Sidonie alikwenda sokoni mbio. Fundi Mrisho, mshonaji mwenye ndevu nyeupe aliyezaliwa Ujiji, alikuwa anafunika cherehani yake kwa turubali. Kwa miaka mingi alikuwa ameshona sare za wafanyakazi wa reli huko Kigoma, na Kiingereza alikiokota kwa mabwana wa reli. Sidonie alimwamkia, akamtajia neno lake.

"Ahaa! Neno hilo lina tumbo kubwa, mjukuu wangu," alisema fundi. "Si la kuelezwa mguu mmoja nje, mmoja ndani. Kesho asubuhi navuka kwenda Bujumbura kutafuta kitambaa, na sijui nitarudi lini. Njoo alfajiri, nitakuwa napiga pasi suruali ya safari. Ukichelewa, utakuta cherehani peke yake, na cherehani haijui Kiingereza."

Usiku huo mvua ilinyesha sana. Mto Mulongwe ulijaa, ukapanda kingo zake na kumwagika mpaka kwenye mchanga wa kuanikia. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Mama Agathe alikwisha kwenda kupokea mtumbwi anaonunulia ndagala. Alikuwa amemwambia binti yake maneno yale yale ya kila mara baada ya mvua: "Ukwangue ile mchanga ya juu yote, uitupe, ndipo ufagie."

Ilikuwa zamu yake. Sidonie alisimama ufukoni na ufagio mkononi. Mchanga ulionekana safi, laini, kama vile mto wenyewe umeufagia. Kuukwangua wote kungemchukua mpaka jua litoke, na Fundi Mrisho angekuwa ameshapanda boti. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakukuwa na mtu. Basi akaanza kukimbia huku akiburuta ufagio nyuma yake, akienda na kurudi, kutoka mwanzo wa ufuko mpaka mwisho. Mistari ilitoka mizuri, pengine mizuri kuliko siku zote. Akauweka ufagio chini ya mtumbwi mbovu, akatimua mbio kwenda sokoni.

Alimkuta fundi na pasi yake ya makaa. Fundi alifungua kifuniko cha pasi, akavuta pumzi, akapuliza ndani. Majivu yaliruka nje.

"Umeona? Nimeyatoa majivu kwa nguvu. Neno lako linafaa hapo. Sasa vuta pumzi wewe. Ishike. Haya, itoe yote!"

Sidonie alitoa pumzi mpaka akakohoa.

"Na hapo linafaa. Dawa ikitoa minyoo tumboni, linafaa. Mwanafunzi akitolewa shuleni, linafaa. Na serikali ikimtoa mtu katika nchi, linafaa pia, ingawa hapo mara nyingi kuna machozi." Fundi alinyoosha mguu wa suruali juu ya meza. "Lakini neno hili lina sharti lake. Kinachotolewa lazima kiwe kilikuwa ndani. Mbuzi wa jirani akisimama barabarani, huwezi kumtoa nyumbani kwako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, babu. Ni kutoa kwa nguvu kitu ambacho kiko ndani."

"Umeelewa kuliko mabwana wa reli," alisema fundi, akamtania kwa kumpulizia majivu kidogo. Sidonie alirudi nyumbani akiruka kwa furaha. Ufuko wa Mulongwe haukuwemo kabisa kichwani mwake.

Furaha hiyo haikukaa. Siku iliyofuata ndagala wa akina mama walianza kutoa harufu mbaya. Kisha watoto wakaanza kuugua. Watoto wa Mulongwe walikuwa na desturi ya kudokoa ndagala waliokuwa bado wanakauka, mmoja hapa, mmoja pale, wakiwapangusa mchanga kwenye nguo na kutafuna. Sasa walishika matumbo na kuhara, nyumba hii na nyumba ile. Aliyezidiwa ni Placide, mtoto mdogo wa Mama Charlotte. Macho yake yaliingia ndani, akawa hata kulia hawezi, na mwuguzi wa zahanati akawa anamnywesha maji ya mchele kijiko kwa kijiko.

Mama Charlotte alikuwa mkubwa wa akina mama wa ufuko. Sauti yake ilisikika mpaka kwa wavuvi waliokuwa majini, na moyo wake ulikuwa mwema isipokuwa ulipokuwa na hofu. Sasa ulikuwa na hofu. Akina mama walikuwa wamegundua jambo: ndagala wa mtu mmoja tu hawakuharibika. Walikuwa wa Generose.

Generose alikuwa mwanamke wa Nyakabere, kijiji cha wakulima katika bonde la Ruzizi, ambako watu husema Kirundi. Wakati wa uasi nyumba yake iliungua na shamba lake likabaki pori. Alifika Uvira na jembe moja na mzigo mdogo wa nguo. Akina mama walimpa mahali pa mwisho kabisa pa ufuko, karibu na mdomo wa mto, ambapo hakuna mwingine aliyepataka. Hakugombana na mtu. Alianika, akauza, akanyamaza.

"Juu ya nini ndagala yake peke yake haikuoza?" Mama Charlotte aliuliza kisimani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. "Ule mwanamke iko na kitu anaweka mu mchanga. Batoto betu banakufa, yeye anauza. Kesho asubuhi tunamutoa. Arudie kwao."

Mama Agathe alikuwa kisimani pia. Alijaza ndoo yake polepole. Sidonie, aliyekuwa kando yake, alilirudia neno moja kimoyomoyo. Tunamutoa. Hilo lilikuwa neno lake la kwenye kopo, lakini sasa halikuchekesha.

"Mama," aliuliza njiani, "Mama Generose akitoka hapa, ataenda wapi?"

"Sijui, mwanangu. Kwao hakukubaki hata mlango." Mama Agathe alishusha ndoo, akapumzika. "Unakumbuka tulipokimbilia milimani, ile siku ya risasi? Tulifika mu nyumba moja, tukakaribishwa. Kisha mtoto wao akashikwa na homa, wakasema sisi njo tulileta ile homa. Tulitolewa na mvua ikinyesha. Weye ulikuwa unauliza, 'Mama, tumefanya nini?'"

Sidonie alikumbuka mvua ile. Aliinua ndoo, akaibeba mwenyewe.

Alasiri, kivuli cha milima kilipofika ufukoni na akina mama wakawa wameondoka, alikwenda peke yake mpaka mchangani. Alipiga magoti mahali pa Mama Charlotte, akapitisha vidole. Juu palikuwa na mchanga mwembamba tu. Chini yake vidole vilizama katika matope meusi yaliyonuka, yenye mavi ya mbuzi na uchafu uliokokotwa na mto kutoka nyuma ya nyumba za watu. Alichimba mahali pa mama yake. Matope. Alichimba kila mahali, akakuta matope yale yale. Alipofika mahali pa mwisho, karibu na mdomo wa mto, alikuta mchanga mtupu, mkavu na safi.

"Unatafuta nini, mwana wanje?"

Alikuwa Generose, akimwita "mwanangu" kwa Kirundi. Mkononi alikuwa na kamba ya kufungia mizigo. Alikuwa tayari amesikia habari za kesho.

"Mama Generose, hapa kwako juu ya nini haiko matope?"

"Siku ile ya mvua nilipitisha mkono. Ku kwetu, kabla ya kupanda mbegu, tunagusa udongo kwanza. Nikasikia matope. Nikakwangua upande wangu." Alikaa chini taratibu. "Nilimwambia Mama Charlotte. Akasema mgeni hafundishi wenye mji. Mistari ilikuwa inaonekana, si ndiyo? Akaangalia mistari."

Sidonie alipangusa matope ya vidoleni. "Na ulijua zamu ilikuwa ya nani?"

Generose alikunja ile kamba, akaikunjua. "Nilijua."

"Juu ya nini husemi? Kesho banakutoa!"

"Nilipofika hapa sikuwa na pa kulala. Mama yako alinipa mkeka wake, yeye akalala kwenye gunia. Nitasimama mbele ya batu nimutoe yeye?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Nenda nyumbani, jua limeisha."

Sidonie alikwenda nyumbani akilia waziwazi, na hakujali nani anamwona. Alijua sasa kwamba kama atanyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Mistari ilikuwa imefutika, na mtu pekee aliyejua kwamba mchanga haukukwanguliwa alikuwa amekataa kumtaja. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Asubuhi akina mama walikusanyika ufukoni. Generose alisimama kando ya mzigo wake uliokwisha fungwa. Mama Charlotte alikuwa amembeba Placide mgongoni. Mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu, lakini shingo yake bado ilikuwa legelege, na mama yake alipomtazama alizidi kukasirika.

"Hatuna maneno mingi," alisema. "Mama Generose, tulikupokea. Umetulipa hivi. Beba mzigo wako, utoke."

Generose aliinama kuchukua mzigo.

"Hapana!" Sidonie alipenya katikati ya watu. "Mama Charlotte, hajaulizwa! Hata shuleni mtu anaulizwa kwanza!"

"Agathe, mushike mtoto wako."

"Ni minye, ni mimi!" alisema Sidonie. "Zamu ya siku ya mvua ilikuwa yangu. Sikukwangua. Sikufagia hata kidogo. Niliburuta ufagio tu, muone mistari, nikakimbilia sokoni kwa Fundi Mrisho. Chimbeni muone! Mama Generose alikwangua upande wake, njo maana ndagala yake ilikuwa nzuri. Alikuambia, Mama Charlotte, ukamukatalia."

Mama mmoja alipiga magoti na kuingiza mkono mchangani, akautoa ukiwa mweusi. Kisha mwingine. Walichimba pale wanapoanika kila siku, na kila mkono ulitoka na matope yanayonuka. Mama Agathe aliufunika uso wake kwa khanga. Mama Charlotte hakuchimba. Alikwenda mpaka mahali pa mwisho, akainama na mtoto mgongoni, akachota mchanga wa Generose na kuuacha upite katikati ya vidole. Ulipita wote, mkavu.

Alirudi, akasimama mbele ya Sidonie. Msichana alifumba macho akingoja kofi.

"Placide wangu alikaribia kufa," alisema Mama Charlotte, na sauti yake ile ya kufika majini ilikuwa ndogo. "Unajua hivyo?"

"Najua, mama. Nisamehe."

"Ulikimbilia sokoni kufanya nini?"

Sidonie alieleza habari za kopo na neno la Kiingereza, akaeleza majivu ya pasi na pumzi ya kifuani, minyoo tumboni na mwanafunzi shuleni. "Fundi alisema hauwezi kumutoa hivyo mtu ambaye haiko ndani," alimalizia huku akifuta kamasi kwa mkono. "Kwa hiyo Mama Generose, kama tunataka kumutoa, ni kwamba alikuwa wa ndani. Alikuwa wetu."

Akina mama walitazamana.

Mama Charlotte alimgeukia Generose. Alimshika mikono yote miwili, kama wafanyavyo watu wa pale wanapomwomba mtu radhi bila mzaha. "Dada, uliniambia, sikusikia. Nisamehe." Kisha yeye mwenyewe, mkubwa wa ufuko, aliunyanyua ule mzigo, akaubeba na kuuweka katikati ya mchanga, kando ya mahali pake mwenyewe. "Utaanika hapa. Mahali pale pa mwisho, karibu na mto, tutapaacha bila mtu."

Generose alijaribu kusema, machozi yakamtangulia. Mama Agathe alimfuata, akamkumbatia.

"Na weye," Mama Charlotte alimwambia Sidonie, "zamu ya kila nyumba itakuwa yako mpaka mvua za masika ziishe. Mama Generose atasimama juu yako. Kila ukimaliza, atapitisha mkono. Mistari hatutaiangalia tena."

"Ndiyo, mama."

Siku hiyo hawakuanika chochote. Walikwangua ufuko mzima, akina mama na watoto wao, wakachimba shimo mbali na kuyafukia matope ndani yake. Mama Agathe alimkemea binti yake mbele ya watu, kama ilivyostahili, kisha akamletea maji ya kunywa.

Jioni Sidonie alibaki na ufagio wake. Mama Charlotte alikuja kukaa karibu naye, Placide akiwa mapajani na kijiko mkononi, akinywa uji wake mwenyewe.

"Kuuliza si kosa, mwanangu," alisema. "Uliza mpaka uchoke. Kosa lako ni kwamba ulitaka kazi ionekane imefanywa, wakati haikufanywa. Na kosa langu ni kama lako. Minye pia niliangalia juu tu. Nilimwona mgeni, nikasema njo yeye. Wakubwa walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulitaka kumutoa mtu, uchafu tukauacha ndani."

Aliingiza mkono mchangani, akauzungusha polepole, akautoa na kumwonyesha Sidonie. Ulikuwa safi.

"Haya," alisema. "Sasa chora mistari yako."